Sinia Lisiloyumba

Siku ile mjinga alikuwa Mhandisi Twaha Shekiondo, na mpaka leo ukimuuliza hakatai. Alicheza ngoma ya harusi mbele ya umati mzima wa bandari-anga ya Ras Kombe, sinia kichwani, mikono hewani, kiuno kikifanya kazi ambayo kilikwisha kustaafu, na sinia halikuyumba hata kidogo. Akina mama wakapiga vigelegele. Twaha akaamini kabisa kwamba ni ufundi wake.

Pembeni Mnusi alikuwa kazini. Mnusi ni roboti ya ukubwa wa ndama, yenye miguu sita na pua ndefu ya mpira, na aliyemuunda ni Twaha. Kila mzigo uliopanda chombo cha anga ulipita puani kwake. Alivuta hewa, akatambua chuma, mafuta na rangi, kisha akasema kitu kile kingeweza kufanya kazi gani nyingine. Pampu ya kukamulia maziwa inayoweza kusukuma mafuta ya roketi haikumpita. Mizigo ya kwenda Zaruna aliinusa mara mbili, kwa sababu serikali ya nchi hiyo ilikuwa chini ya vikwazo vya mataifa: hairuhusiwi kuuziwa silaha wala kipuri cha silaha.

Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni vyombo vya bi harusi. "Sanduku la mwali haliingizwi pua," Twaha aliwaambia waandishi wa habari siku ya kumzindua, na mji mzima ukamsifu kwa kuunda mashine yenye adabu.

Basi lilipofika sanduku la binti yake mwenyewe, Saumu, Mnusi aliinamisha pua akarudi nyuma. Saumu alikuwa anaelekea Zaruna kwa mume ambaye hadi hapo alikuwa amemwona kwa taswira-hai tu, ile picha ya mwanga inayokaa sebuleni na kuongea kama mgeni. Ndoa ilifungwa hivyohivyo, bwana harusi akiwa kwao. Sinia la Twaha lilibeba mashine ya kukorogea keki, zawadi ya Bi Mwanamkuu, shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kumchukua mwali. Vyombo vikalazwa ghalani kungoja safari ya kesho yake.

Asubuhi, nyumbani, Twaha akataka kumwonyesha mkewe, Bi Mize, maajabu aliyoyakosa kwa kushinda na masufuria ya pilau. Akajitwika sinia la vikombe. Hatua ya pili, vikombe vyote chini.

"Haya, bingwa wa ngoma," Mize alisema akichukua ufagio. "Jana ulijipaka gundi?"

Twaha hakucheka. Alisimama katikati ya vigae. Alikijua kitu kinachoweza kutuliza sinia juu ya kichwa cha mtu asiyejua kucheza: pia-mizani, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi kubwa hata likagoma kuinama. Hufungwa ndani ya kombora lisipotee njia. Zile za thamani huachwa zizunguke hata safarini, zisiharibike kwa kulalia upande mmoja.

Ghalani aliwakuta Saumu na Bi Mwanamkuu wakihakiki mizigo. Hakusalimia. Alifungua ile mashine ya keki kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na mota ya kukoroga chochote. Pia-mizani tatu zilizunguka kimya, zinang'aa.

"Baba, nini hicho?" Saumu aliuliza.

"Jicho la kombora, mwanangu. Nimelichezea ngoma."

Bi Mwanamkuu alishusha pumzi, akaketi juu ya sanduku kama mwenye nyumba. "Mkwe wangu, funga hiyo. Nchi yetu imebanwa mpaka dawa tunapata kwa kujificha. Majirani wana silaha, sisi tuna vikwazo. Ungekuwa wewe ungekaa tu?"

"Ningeomba kwanza, kabla ya kumtwisha mkwe wangu."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikuomba."

Twaha alimtazama Mnusi, aliyesimama mlangoni akingoja amri. Neno moja tu, pua ingeingia sandukuni na king'ora kingelia bandari nzima. Lakini mzigo uliandikwa kwa jina la Saumu. Angeshikwa yeye kwanza, na ndoa ingekufa kabla hajamshika mumewe mkono. Akinyamaza, zile pia-mizani zingeruka na siku moja zingeangukia paa la mtu.

"Mnusi," alianza.

"Usimwaibishe mtoto," Bi Mwanamkuu alimuwahi, kisha akamgeukia Saumu kwa upole. "Mwambie baba yako, mwanangu. Chombo kinaondoka adhuhuri, mumeo anakungoja. Kule unakwenda kuwa malkia. Sisi tulikupenda kabla hata hatujakuona."

Saumu alikuwa ameshika ile mashine ya keki mikononi. Akaiinamisha kulia, ikagoma. Akaiinamisha kushoto, ikagoma. Akaiweka chini mbele ya miguu ya Mnusi.

"Kabla hamjaniona, shangazi," alisema, "mlichokuwa mnakijua ni kazi ya baba tu: pua isiyoingia sanduku la mwali."