Ufa Ulioachwa Njiani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya pamba ya Bariadi, na Machibya alikuwa anakunja nyaya afunge karakana, mdogo wake Limbu alipoingia amekumbatia toazi la shaba.

"Mwadila, kaka," akasalimu. "Nikatie huu ufa."

Ufa ulianzia ukingoni, ukaingia ndani urefu wa kidole. Kazi ndogo. Kwa grinda unaukata wote mpaka uipite ncha yake, basi. Ukiuacha njiani, unakimbia.

"Limepasukia wapi?"

"Nkoma, kwenye ngoma ya wanunuzi wa pamba." Tangu serikali iruhusu kila mwenye fedha kununua pamba, matajiri walishindanisha ngoma ili wavute wakulima. "Masele, yule manju, mwimbishaji mwenzangu, aliona nampokonya watu. Akalinyooshea usinga."

Limbu akavua kofia.

Mstari mwembamba ulishuka toka kwenye nywele hadi karibu na jicho. Ulipinda palepale ulipopinda ufa wa toazi.

"Kila jioni vyote viwili vinasogea," akanong'ona. "Vikifika mwisho, nimekwisha. Kata, kaka. Hata nikilia, usisimame."

Ndugu alikuwa naye huyo mmoja tu, na alimlea mwenyewe. Akalibana toazi kwenye jiriwa, akawasha grinda.

Zzzzziii...

Cheche. Harufu ya shaba ya moto... kisha ya nyama.

"Mayu wane!" Limbu alimlilia mama yao. Paji la uso lilifunguka kama tumba la pamba, damu ikamwagika shingoni, kifuani, sakafuni. Na hakuna kilichomgusa.

"Endelea, kaka!"

Ilibaki nusu ya ufa. Nusu tu! Lakini nani ana moyo wa kumchinja nduguye?

Machibya akazima mashine.

Kimya...

Tii.

Ufa ukakimbia. Toazi likagawanyika vipande viwili, na Limbu akaanguka bila kuguna. Machibya alipomgeuza alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka. Uso haukuwa mmoja tena.

Huruma yake ndiyo iliyoua, na hilo analijua. Polisi walisema ni ajali ya mashine, hakubisha.

Msibani Masele alilia kuliko jamaa wote. Kisha akamwita Scola, mjane wa Limbu, pembeni, akamwomba toazi la pili la jozi ile, eti kumbukumbu. Machibya aliposikia, alimkimbilia Scola akamsihi asilitoe.

"Nimeshampa, shemeji," Scola alinong'ona, macho chini. "Ningemnyimaje? Jeneza kalileta yeye, hata kabla hatujampelekea habari."