Mwimbaji wa Avit

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Evarist alipozima pikipiki mbele ya studio ya Avit, nje kidogo ya mji wa Muleba. Njia nzima kutoka Bukoba alijiambia kwamba anafuata maikrofoni yake aliyomwazimisha jamaa siku nyingi. Maikrofoni gani! Mtu hasafiri mwendo wote huo kwa kifaa alichokuwa ameshakisahau. Alichokifuata ni kujua Avit ameipata wapi sauti ile.

Wawili hao walianza pamoja, wakijifunza kutengeneza biti kwenye kompyuta moja, na Avit ndiye aliyekuwa mzito wa kuelewa. Leo wimbo wa Avit unapigwa kwenye kila harusi na kila kibanda cha kinyozi, na Evarist akikaa studio kwake Nyanga, kule Bukoba, hakuna kinachokuja. Ngoma anayopanga leo ni ileile ya jana. Wasanii wanampita mlangoni wanakwenda Muleba. Wivu ulimkaba.

Wimbo wenyewe hauna maneno. Ni msichana anaimba mdomo ukiwa umefumbwa, sauti inatokea puani, basi. Siku moja Evarist aliuvalia hedifoni, akaupekua kipande kwa kipande ili aibe ufundi. Kabla sauti haijapanda juu, akamsikia msichana akivuta pumzi kupitia kwenye pengo la meno.

Fssst...

Akavua hedifoni.

Pumzi ile aliifahamu. Alikuwa ameifuta mara nyingi sana kwenye nyimbo za mdogo wake, Benigna, kwa sababu ilimkera. Na Benigna amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba, kando ya baba yao. Mama yao, Ephrasia, mpaka leo huenda pale kila jioni. Husema "wasibota", yaani umeshindaje, kisha husubiri kidogo kana kwamba atajibiwa.

Kabla hajaugua, Benigna alimwomba kaka yake ruhusa ya kwenda kumwimbia Avit wimbo mmoja tu. Evarist alikataa, wakanuniana hadi homa ilipomchukua binti. Kwa hiyo alichoamini sasa ni kwamba binti alikwenda kwa siri akarekodiwa. Hicho ndicho kilichompandisha pikipiki, si uchungu wa msiba. Alitaka Avit akiri kwamba alimwibia mwimbaji.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani palinuka pumba na udongo mbichi.

Avit alikuwa sakafuni, amekonda, macho mekundu. Hakumkaribisha mgeni. Aliweka kidole mdomoni.

"Ulimrekodi lini?" Evarist akauliza.

"Taratibu, waitu," Avit alinong'ona. "Yuko kazini."

"Nani?"

Avit akatazama kona ya chumba, palipoegeshwa godoro la kuzuia mwangwi. Nyuma ya godoro, kitu kikavuta pumzi.

Fssst...

Evarist akalisogeza godoro.

Alikuwa amesimama wima, uso ukutani, ndani ya gauni jeupe walilomzika nalo. Kucha zilijaa udongo. Evarist alimshika bega, binti akageuka, macho wazi yasiyotazama kitu. Midomo ikafumbuka kidogo.

Ndani hamkuwa na ulimi.

Avit aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakumtoa yeye kaburini. Chumba alikikodi kwa mzee Byarugaba, ambaye baadaye alivuka kwenda kisiwa cha Goziba na hajaonekana tena. Mzee alimkabidhi ufunguo, binti huyo na gunia la pumba za kumlisha, akampa onyo moja. Huyu binti asikutane na mama yake. Mama akimwita kwa jina, atalala apumzike kama maiti wengine, na hataimba tena. Avit alisema alitaka kukimbia. Lakini naye wakati huo alikuwa amekauka, hana biti, hana kitu, na jioni ileile binti akaanza kuimba.

"Kila asubuhi nasema leo nampeleka Nyanga," alisema. "Halafu nafikiria wimbo unaofuata."

Evarist alimwambia kwamba yeye si mtu, ni mnyama. Machozi yalimtoka kweli. Lakini tusimsingizie wema. Kilichomchoma zaidi si ule mdomo mtupu, wala yale macho. Ni kwamba nyimbo nzuri kuliko zote alizowahi kuimba, Benigna alimwimbia Avit.

Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na ulifuata. Avit hakuwazuia. Alibaki analia, na huwezi kujua kama alilia dhambi yake au aliulilia wimbo.

Barabarani Benigna alikaa nyuma, mikono kiunoni mwa kaka yake. Pikipiki haikuhisi uzito wowote. Walipofika Muhutwe, muuza petroli alikuja na chupa, akatazama kiti cha nyuma, akaiweka chupa chini na kurudi kinyumenyume bila kudai hela. Evarist aliapa moyoni kwamba akifika tu atamwita Mama. Atasimama uani na kumwita.

Kisha Benigna akaanza kuimba.

Sauti iliingilia mgongoni. Na kichwani mwa Evarist, mle mlimokuwa mkavu tangu mazishi, ngoma ikagonga. Ikafuata nyingine. Besi ikaingia yenyewe mahali pake. Walipopita Kemondo, wimbo mzima ulikuwa umesimama, mzuri mpaka akaogopa kuusahau. Avit hangeweza kuutengeneza huu hata azaliwe upya.

Nyumbani taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mama yake alisikia pikipiki, akauliza kutoka ndani kama ni yeye. Evarist akaitika. Hapo ndipo angemwita. Badala yake alimwongoza Benigna hadi studio, chumba kilichopakana na jiko, akamsimamisha mbele ya maikrofoni. Wimbo mmoja tu, alijisemea. Mmoja, halafu namwita.

Binti akavuta pumzi, akaimba.

Kule jikoni kelele za sufuria zikakoma. Hatua zikaja polepole hadi mlangoni.

"Evarist." Sauti ya mama yake ilikuwa laini, haikuwahi kuwa hivyo tangu msiba. "Anaimba vizuri huyo. Ni nani?"

Benigna aligeuza uso kuelekea mlango. Midomo ilitetemeka, na kwa mara ya kwanza macho yale yalitafuta kitu. Kilichotakiwa ni jina lake tu. Evarist alijibu lile jina moyoni, akalisikia, akalimeza.

"Msichana wa Kahororo, Mama," alisema. "Humjui."

"Basi mwambie aje ale kabla hajaondoka."

Evarist alisukuma komeo taratibu lisilie, akarudi kwenye kompyuta. Benigna hakuacha kuutazama mlango.