Saa Iliyorudishwa Nyuma

Kisa hiki tulisimuliwa na shemeji yangu, mtunzi wa programu za kompyuta, mwaka alipomwoa dada yangu.

Asubuhi moja kazini alimtania mfagiaji koridoni, "Mama, usinifagie na mimi!" kisha akajifungia kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikuwa anaandika kanuni ya kurudisha saa nyuma majira yanapobadilika, kama wafanyavyo nchi za baridi. Alipoijaribu, saa ya kompyuta ikarudi mpaka wakati ule alipoingia chumbani, na taa zikazimika.

Gizani akasikia nyayo, halafu sauti yake mwenyewe: "Mama, usinifagie na mimi!" Mfagiaji akacheka. Ufunguo ukaingia kwenye kufuli. Akaupapasa wake mfukoni, ulikuwepo. Akaung'ang'ania mlango kwa nguvu zote, nao ukasukumwa.

Shemeji na dada wangali hai. Mfagiaji pia yu hai, naye husema siku ile alimwona shemeji akiingia mara mbili, akatoka mmoja tu.