Mlango wa Pikapu ya Babu

Kila Jumamosi, nikishafua sare na kudeki, huvaa ovaroli yangu iliyokunjwa miguu na kukimbilia gereji ya shangazi, fundi wa bodi za magari. Nyumbani wananiita Kiherehere, na kwa kweli hawanionei.

Jumamosi hiyo nilifika nikihema. Pikapu kuukuu ya babu ilikuwa ipigwe rangi saa nane, na mlango mmoja, uliovimba kutu hadi ukaota magamba, nilikuwa nimepewa mimi peke yangu!

"Mpiga rangi haji mara mbili," shangazi alinionya. "Mlango usipokuwa tayari, babu yako ataendesha gari lenye kiraka. Vaa miwani na barakoa, vumbi la kutu halina huruma."

Nilikwangua magamba, nikasugua kwa brashi ya waya, kisha nikashika msasa. Vumbi jekundu lilinijaa masikioni. Kufika saa tano chuma kilikuwa cheupe pee. Nilirukaruka kwa furaha!

"Hapo sawa," shangazi alisema. "Futa vumbi na mafuta kwa tina, halafu paka praima sasa hivi, ile rangi ya chini inayozuia kutu, kabla ya rangi yenyewe." Akaenda duka la vipuri.

Praima itangoja, nikawaza. Watoto wa jirani waone kwanza! Nikawaita. Ili mlango ung'ae zaidi, nikaumwagia ndoo nzima ya maji. Walipiga makofi, nami kichwa kikavimba. Tukapiga soga wee! Nilipogeuka, nilishtuka. Chuma chote kilikuwa kimepata wekundu. Kutu mpya!

Kopo la praima lilikuwa pale pale. Ningepaka tu, na nani angejua? Nikachovya brashi. Kisha nikamfikiria babu na pikapu yake, nikaona aibu. Shangazi akatokea.

"Shangazi, nimeharibu," nikasema kabla hajauliza. "Niliumwagia maji ili nijishaue."

Akautazama mlango, akaitazama brashi inayodondosha praima. "Umeshapaka?"

"Bado."

"Basi hujaharibu. Shika msasa laini! Wewe kule, mimi huku. Mbio!"

Tulisugua, tukafuta kwa tina, tukapaka. Mpiga rangi alipowasili, praima ilikuwa imekauka. Nilipiga kelele za furaha hadi akadhani nimeumia.

Jumatatu jioni, nilipotoka shule, babu alikuja gereji kuchukua pikapu, akaugonga mlango kwa kidole. "Huu mmenunua mpya?"

"Ni ule ule, babu!" nikapayuka, nikamsimulia yote, hata ile ndoo.

Shangazi akanishika bega. "Mwanangu, kutu ya saa moja tu huondoka kwa msasa. Ukiifunika kwa rangi, itakula chini kwa chini mpaka itoboe. Kosa nalo liseme lingali bichi."

Babu akacheka, akanifungulia mlango. "Haya, fundi, panda tukatembee. Ila ndoo iache hapa."