Kibofu Pacha

Ndani ya chupa ya kioo, kibofu cha Maganga Ndalahwa kilijaa taratibu, kikajibana, kikamwaga maji yake kwenye mrija, kisha kikaanza kujaa upya. Maganga mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya chupa hiyo, kofia mkononi, akikitazama.

"Kumbe ndivyo kinavyofanya," alisema. "Miaka hamsini na mitatu naishi nacho, na hatujawahi kuonana."

Dkt. Nyamizi Shigela, mkemia aliyekuwa amesimama pembeni yake, alicheka. "Hicho ni pacha tu, mzee wangu. Chako bado unacho mwenyewe."

Kibofu pacha kilikuwa kidogo, hakizidi chungwa. Kilikuzwa kutokana na kinyama kilichonyofolewa ndani ya kibofu cha Maganga, na kwa hiyo kilikuwa na kila kilichokuwamo: ukuta wake, makovu yake, na uvimbe wa saratani uliochomoza upande mmoja kama shada la uyoga. Kila mgonjwa wa Taasisi ya Dawa za Mimea, hapo juu ya vilima vya mawe vya Mwanza, alikuwa na pacha wake chupani. Zamani dawa moja ilikula nusu ya umri wa mtu kabla ya kuthibitishwa. Siku hizi Mchujaji, akili unde ya Taasisi, ilidondosha maji ya mimea maelfu kwa maelfu juu ya mapacha hao, usiku na mchana, ikiangalia ni yupi atakayepona.

Na pacha mmoja alikuwa amepona. Dawa yake ilitoka kwenye mzizi wa mchungujiwe, kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kwenye nyufa za mawe, kichungu kiasi kwamba hata mbuzi hukiruka. Nyamizi alikamua kiini chake na kukiita jiwelini. Seli ya saratani ikiguswa na jiwelini hunywea na kufa.

Maganga alikuwa fundi wa magari ya kamba, vile vyumba vidogo vinavyoning'inia juu ya jiji na kuwavusha watu kutoka kilima hadi kilima. Utotoni alioga kwenye majaruba ya mpunga huko Misungwi, akakojoa damu, na wenzake wakampongeza kwamba sasa amekuwa mwanamume. Kilikuwa kichocho. Mayai ya minyoo yake yaliuachia ukuta wa kibofu makovu, na uzeeni makovu yakageuka saratani.

"Nataka kuwa wa kwanza," alisema siku ile mbele ya chupa. "Nimezoea kupanda juu kabla ya wengine."

Wiki iliyofuata alilazwa kitandani, akawekewa mpira wa mkojo, na jiwelini ikamiminwa ndani. Ilipaswa kukaa saa nzima. Nyamizi aliketi upande mmoja, na mke wa Maganga, Mama Limi, upande mwingine.

Mwanzoni Maganga alisimulia habari za upepo wa juu ya kamba. Kisha maneno yakapungua. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likamtiririkia masikioni.

"Viashiria vyote viko salama," ilisema sauti tulivu ya Mchujaji.

Maganga aliuma shuka. Mama Limi alimshika mkono, akahisi vidole vyake vimekakamaa kama vya maiti. "Baba Limi, sema na Daktari!" Hakusema.

"Viashiria vyote viko salama."

"Fungueni!" Maganga alipiga ukelele. "Daktari, hii si dawa, ni makaa! Fungua!"

Nyamizi hakungoja roboti muuguzi. Alifungua koki kwa mkono wake, na jiwelini ikatoka ikiwa na rangi ya waridi. Maganga aligeukia ukutani.

"Dozi haikukamilika," Mchujaji ilitangaza mbele yao wote. "Sababu: mgonjwa hakushirikiana."

Maganga alisema bila kugeuka, "Imesema kweli. Nimewaangusha."

"Haijasema kweli," Nyamizi alimjibu. "Ila bado sijajua imekosea wapi."

Mkurugenzi wa Taasisi, Dkt. Rwegasira, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. "Nina watu wodini wanaokojoa mabonge ya damu," alimwambia Nyamizi ofisini kwake. "Mapacha waliopewa dozi ileile wamepona wote. Mtafute mgonjwa mwenye moyo zaidi."

"Moyo wa Maganga hauna kasoro. Mwenye kasoro ni pacha."

"Pacha amepona!"

"Amepona kwa sababu hana mwenyewe wa kulia. Tulipowakuza tuliwanyima mishipa ya fahamu ili wasitikisike wakati wa vipimo. Tumeiuliza Mchujaji swali kuhusu kitu ambacho hatukuipa njia ya kukijua."

Rwegasira alitazama nje, magari ya kamba yakipita. "Nakupa mpaka masika yaishe," alisema hatimaye. "Yakiisha, nampa dawa mtu mwingine kama ilivyo. Siwezi kuacha watu wafe huku sisi tunabishana."

Nyamizi akashika kazi. Aliotesha mishipa ya fahamu ndani ya pacha mpya wa Maganga, mwenye uvimbe uleule, uzi kwa uzi. Mara mbili ikaoza, na mara mbili akaanza upya. Ilipokubali, aliita wenzake, akamimina jiwelini. Kibofu pacha kilijikunja kama ngumi na kuitapika dawa yote kabla haijatulia.

Mchujaji ilichelewa kujibu. Kisha ikasema, "Nimepokea ishara nisiyoifahamu. Naomba jina lake."

"Maumivu," alisema Nyamizi. "Na sasa rudi kwenye taarifa ya Maganga Ndalahwa. Futa hilo la kutoshirikiana. Andika kwamba dawa ilimuunguza."

Kazi ikawa kuifanya dawa iue uvimbe bila kumchoma mwenye kibofu. Dozi ndogo haikuuma, lakini ilisombwa na mkojo kabla ya kufanya lolote. Ilihitaji kitu cha kuishikilia ukutani. Nyamizi alijaribu utomvu wa mgunga, ukaganda. Akajaribu ute wa mwani, ukayeyuka mapema mno. Akapitia kila mmea wenye ute aliopata kuusikia, hadi akafika kwenye mlenda, mboga aliyokula tangu hajaota meno. Ute wa mlenda ulijitandaza juu ya ukuta wa kibofu na kung'ang'ania, ukiachia jiwelini kidogo kidogo. Pacha hakujikunja. Siku zilivyopita, shada lile la uyoga lilisinyaa, likapukutika.

Masika yalikuwa bado hayajaisha.

Lakini siku Nyamizi alipopeleka habari hizo wodini, alikuta picha mpya za Maganga zikimsubiri. Uvimbe ulikuwa umekwisha kupenya ukuta na kuingia kwenye msuli. Dawa ya kumiminwa haifiki huko. Kilichobaki kilikuwa kisu. Roboti za upasuaji zilikitoa kibofu chake asubuhi moja, kwa ustadi ambao hakuna mkono wa binadamu ungeuweza, na Maganga akaamka akiwa hai, na mfuko wa mkojo ubavuni.

Nyamizi alimwendea alipoweza kuketi.

"Mzee Maganga, dawa tumeipata."

"Yangu?"

Nyamizi alivuta kiti, akaketi. "Ya watakaokuja baada yako."

Maganga alitikisa kichwa polepole. "Na yule pacha?"

"Amepona. Ni msafi kabisa."

"Amenizidi, basi. Daktari, nisikilize. Siku ile ungeniacha na yale makaa, ningepona?"

Mama Limi aliinua macho. Nyamizi angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angembishia.

"Huenda," alisema. "Zilihitajika dozi sita. Hilo swali nalala nalo kila siku."

"Sita!" Maganga alishusha pumzi. "Nisingeifika ya pili. Ningetoroka kupitia dirishani na mpira wangu." Kisha macho yake yakajaa maji, naye hakuyaficha. "Lakini inaniuma, Daktari. Usidhani hainiumi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuomba kitu. Mchujaji imejifunza jina la maumivu, haijayaonja. Nataka kwenye kila kitanda awepo mtu aliyeyaonja, na koki iwe mkononi mwake. Nimekwisha kumwambia Mkurugenzi: bila hivyo, sitii sahihi ya kuiruhusu dawa."

"Naye akasemaje?"

"Aliuliza kama utakubali."

Mgonjwa wa kwanza wa dawa ile mpya aliitwa Minza, mwalimu wa chekechea kutoka Magu. Alilala akiwa ameikaza miguu, macho kwenye dari. Maganga alivuta kigoda, akaketi, akaweka mkono juu ya koki ili aione.

"Ukisema neno, nafungua," alimwambia.

"Nikisema mapema, hamtanirudisha nyumbani?"

"Nani akurudishe? Mimi nilinyamaza mpaka nikauma shuka, na haikunisaidia chochote. Wewe sema tu, mwanangu."

Dawa ilimiminwa, nzito na ya kuteleza. Minza alifumba macho. Baada ya muda midomo yake ilicheza.

"Inawasha."

"Viashiria vyote..." ilianza Mchujaji.

"Ngoja kwanza, mtu anaongea," Maganga aliikatiza, na mashine ikanyamaza. Alimwinamia yule mwanamke. "Inawasha, au inaunguza?"

Minza alifikiri, kama mtu anayeonja mchuzi. "Inawasha tu. Inavumilika."

Maganga alimgeukia Nyamizi, naye Nyamizi akasimama palepale, akingoja amri kutoka kwa fundi wa magari ya kamba. Maganga aliinamisha kichwa kukubali. Mkono wake haukuondoka kwenye koki.

"Haya," alimwambia Minza. "Endelea kuniambia."