Meza ya Mke wa Seremala

Seremala alikuwa mrefu kama mlingoti. Mkewe alikuwa mfupi, na mtaa mzima ulizoea kuwatania. Mke alichapa kazi za watu nyumbani kwa kompyuta, basi mume akamtengenezea meza. Aliipiga randa, akaipiga msasa, akaipaka vanishi mpaka ikang'aa. Kitu kimoja hakufanya: hakumpima mkewe. Alikata miguu ya meza kwa kimo chake mwenyewe.

Mke alishukuru. Ili aifikie meza, alikalia mito miwili. Miguu ikaning'inia. Mabega yakapanda karibu na masikio. Baadaye shingo ikaanza kuuma, na vidole vikafa ganzi. Hakusema neno. Zawadi ya mume haitiwi kasoro, alijiambia.

Asubuhi moja binti yao alileta kitana.

"Mama, nisuke."

Mama alianza. Kitana kikamdondoka. Akakiokota, kikamdondoka tena.

"Nenda kwa shangazi yako, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka. Aliogopa kwamba mikono yake imekwisha.

Habari zilimfikia jirani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Akaja.

"Shoga, hebu kaa, nione unavyofanya kazi."

Mke akakaa. Jirani akacheka. "Hapo unachapa au umepanda mti?"

Seremala alikuwa mlangoni. "Meza yangu ina ubaya gani?"

"Meza nzuri, shemeji. Lakini ulimpima nani?"

Seremala akaitazama miguu ya mkewe inayoning'inia.

"Nyayo zikae sakafuni," jirani alieleza. "Mgongo uegemee kiti. Mabega yatulie, viwiko vilingane na meza. Ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta ulingane na macho, na kioo kiwe mbali kiasi cha mkono ulionyooka. Kila nusu saa inuka, utembee kidogo. Ganzi isipopungua, njoo hospitali. Usikae kimya tena. Mficha uchi hazai."

Seremala alimgeukia mkewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejisikia vibaya."

"Na wewe ulijisikia vizuri?"

Alichukua futi. Akamketisha mkewe bila mito, akapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Kisha akashika msumeno. Ilimuuma kukata kazi ya mikono yake, lakini alikata. Vile vipande vinne vya miguu akavipigilia ubao juu. Kikawa kistuli kidogo cha kuinulia kioo cha kompyuta.

Maumivu hayakuisha siku hiyo. Yalipungua polepole, na ganzi nayo ikaisha. Siku hizi mteja akiagiza meza, seremala humwuliza kwanza, "Atakaa nani? Mlete nimpime."

Jumapili moja binti alikaa chini, kichwa kati ya magoti ya mama. Mama alisuka mstari baada ya mstari.

"Mama, taratibu! Unavuta, unaniumiza!"

Mama alicheka kwa furaha. Hakuwahi kusikia malalamiko matamu kama hayo.