Bampa la Dickson

Marehemu, Dickson, alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kifua kimebonyea kwenye usukani, kichwa kimepasuliwa upande wa kushoto mpaka mfupa unaonekana. Pikapu yake ilikuwa imegota kwenye jabali, kwenye mteremko wa barabara itokayo Newala kushuka Masasi. Jua lilikuwa halijapata makali, lakini nzi walishafika.

Inspekta Ethel Chitanda hakupata nafasi ya kumtazama. Pembeni ya barabara, watu waliotoka kwenye mikorosho walikuwa wanamponda mawe kijana wa bodaboda aitwaye Lukmani. Walimkuta na simu ya marehemu mfukoni, na kwao kesi ilikwisha hapo. Mmoja ameshika tairi, mwingine anaulizia petroli. Ethel alifyatua risasi hewani, akawapangua kwa viwiko, akamlalia kijana juu ili asiuawe. Jiwe moja likampata mgongoni, naye akalitukana pamoja na aliyelirusha.

"Simu nimechukua, mama," Lukmani alisema, damu ikimtoka jicho la kulia. "Mtu sijaua. Nimemkuta hivyo hivyo."

Ethel hakuwa na huruma na mtu anayemsachi maiti, na alimwambia waziwazi. Kisha akaamuru apelekwe hospitali akiwa na pingu. Asipopatikana muuaji mwingine, kijana huyo angeshtakiwa kwa mauaji, kama angepona.

Alirudi kwenye pikapu. Mbele ilikuwa na bampa jipya la chuma, nene, la kuingilia porini. Siku hizi Masasi kila mwenye gari anataka bampa la aina hiyo, hata kama safari yake ndefu ni ya kwenda sokoni. Na mafundi wengi huwaridhisha: wanang'oa bampa la kiwandani na sensa zake, yaani vifaa vinavyohisi mgongano, wanachomelea chuma moja kwa moja kwenye chasisi ya gari. Gari likigonga, mifuko ya hewa haifumuki, na kishindo chote kinaishia kwenye mbavu za abiria.

Hili halikufungwa kihuni. Mkaguzi wa magari wa polisi alilala chini, akatambaa hadi mbele, akatoka akitikisa kichwa kwa kusifu. Sensa zote zilihamishiwa kwenye bampa jipya. Vile visanduku vya bati vinavyokaa nyuma ya bampa, vilivyoumbwa vikunjane ili vipunguze kishindo, vilikuwepo na vilikunjana sawasawa.

"Hii ni kazi ya Abdulrazaki," alisema. "Hakuna mwingine anayejisumbua hivi."

"Mbona mfuko wa dereva haukufumuka?"

Mfuko wa abiria ulikuwa unaning'inia, una damu. Wa dereva ulikuwa umelala ndani ya usukani. Mkaguzi alifungua usukani, akakuta waya wa mfuko umechomolewa na mahali pake pamefungwa rizista, kikinzani kidogo cha umeme, ili taa ya hitilafu isiwake kwenye dashibodi. Mkanda, Dickson mwenyewe alikuwa ameufunga nyuma ya mgongo, ujinga wa madereva wengi wasiotaka kengele iwapigie kelele.

Ethel alielewa. Fundi angesahau sensa, mifuko yote miwili ingelala. Hapa mmoja uliuawa na mwingine ukaachwa uishi. Aliyekaa mbele ya mfuko huo wa abiria alitoka mzima, akachukua spana ya magurudumu, ile iliyookotwa kando ya gari ikiwa na damu. Daktari alithibitisha baadaye: kifua kilivunjika kwanza, kisha spana ikashuka kichwani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Abdulrazaki walimkuta karakanani kwake, amekaa juu ya ringi ya gari, hafanyi kazi. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayeheshimika. Bintiye Rahima aligongwa na gari njia ya Chidya wakati wa masika, akafa barabarani. Dereva hakusimama na hakupatikana.

"Shikamoo, Baba Rahima."

"Marahaba, mwanangu."

Majirani walikuwa wameshamweleza Ethel desturi yake. Akimaliza kufunga bampa, hupanda gari na mwenye gari hadi Newala na kushuka naye, asikilize vyuma vinavyolia kwenye kona. Hajawahi kumruhusu mteja kwenda peke yake.

"Leo ulikwenda na Dickson?"

"Sikwenda. Nina homa."

"Vua shati."

Alisita. Koplo Fikirini akamsaidia vifungo. Alama ya zambarau ilianzia bega la kushoto, ikakatiza kifua hadi kiuno cha kulia.

"Mkanda wa dereva hushuka kutoka bega la kulia," Ethel alisema. "Wewe ulikaa kushoto."

"Nilibeba injini."

"Injini haiachi mstari mnyoofu namna hiyo. Na damu ya kwenye mfuko itapimwa vinasaba."

Ethel hasira zikampanda, akamwambia yaliyokuwa yakimuuma tangu asubuhi: kuna kijana amepondwa mawe kwa ajili yako, madaktari wanamtoa jicho saa hizi.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Zena. Muuza mihogo wa stendi."

Abdulrazaki alijishika uso. Ethel akamwonya kuwa maneno yake yatatumika mahakamani, naye hakujali, akasimulia. Dickson alileta pikapu imepondeka mbele, akisema amegonga mbuzi. Fundi alipong'oa bampa la zamani, alikuta kipande cha mtandio wa Rahima kimenasa kwenye boliti. Mkewe ndiye aliyeudarizi.

"Hakunijua," alisema. "Akaniambia nimfungie la chuma, ambalo siku nyingine halitapinda. Akacheka."

"Ungetuletea huo mtandio."

"Angesema mbuzi, inspekta. Angesema mbuzi mpaka mwisho."

Kwenye mteremko, fundi alieleza, aliukamata usukani kutoka kiti cha abiria, akauvuta kuelekea kwenye jabali.

"Kwa nini ulijiachia mfuko wako?"

"Nilitaka nibaki hai nimwambie. Alikuwa bado anapumua, anaomba maji. Nikamtajia Rahima. Akaniuliza, Rahima ndiye nani." Fundi alitazama mikono yake. "Hapo ndipo nikachukua spana."

Aliomba jambo moja, apitishwe hospitali. Ethel alikubali, ingawa Fikirini alinung'unika. Zena alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, kanga imelowa damu ya mwanawe. Alimwona Abdulrazaki, akainuka haraka.

"Baba Rahima, ahsante kwa kuja kunipa pole. Wamemsingizia mwanangu."

Abdulrazaki aligeuzia uso ukutani. Ethel ikabidi aseme yeye: Lukmani ataondolewa pingu, muuaji ni huyu, na tangu asubuhi alikuwa anajificha kwake.

Zena aliziona pingu.

"Rahima walimleta amesagika, mama yake akashindwa kumgusa," alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha. Na wewe umekaa kimya wananiulia wangu."

Akaingia wodini. Abdulrazaki akapiga magoti mlangoni, na Fikirini ikabidi amwinue kwa kwapa kumrudisha kwenye gari.